Machungwa ya Mwalimu Ngiam

Wewe ungempa alama ngapi mtoto anayekuambia ukweli kwa lugha iliyojaa mapengo? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka: niliandika kumi na tisa kati ya thelathini. Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu aliandika kumi na tatu, akafunika kalamu yake na kuilaza sambamba na ukingo wa meza. Huyo ndiye nitakayemweleza hapa.

Anaitwa Ngiam Soh Kheng. Ana miaka sitini na moja, na thelathini na sita kati ya hiyo ameimaliza akifundisha Kichina katika shule moja ya msingi kaskazini mwa Singapore, shule iliyozungukwa na majengo ya ghorofa kiasi kwamba saa ya mapumziko watoto hucheza kivulini siku zote. Ni mfupi, na mwendo wake ni wa mtu anayewahi basi. Kila asubuhi huja na kahawa nyeusi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, akautundika kwenye kitasa cha dirisha la chumba cha walimu, na ole wake atakayelifungua dirisha hilo.

Nilipoajiriwa pale, nikiwa na shahada mpya na maneno mengi, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kunifunza shule inavyokwenda. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba mitihani yetu ya kuzungumza inawafundisha watoto kusema bila kuwa na la kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwek, umekula?”

“Bado, Mwalimu.”

“Ndiyo maana una hasira. Nenda kale.”

Alizaliwa juu ya duka la kahawa ambamo baba yake alikuwa mpishi wa kahawa. Nyumbani kwao walizungumza Kihainani, lugha ya kisiwa walikotoka wazee wao. Kimandarini, Kichina kinachofundishwa shuleni, alikikuta huko huko, kama sisi wengine tulivyokikuta. Alipokuwa darasa la sita, mbele ya watahini wawili, aliulizwa hufanya nini siku ya Jumapili. Akasema kweli: huosha vikombe dukani, tangu alfajiri mpaka saa nane, na maneno ya Kimandarini yalipomwishia akajazia ya Kihainani.

“Walikucheka?” nilimwuliza siku aliponisimulia. Tulikuwa tunakula tambi za mipira ya samaki kwenye kantini ya shule, na aliongea huku akiipuliza supu.

“Hawakucheka. Walitabasamu. Kucheka kungekuwa afadhali.”

Mtoto aliyemfuata, binti wa karani, alieleza jinsi alivyokwenda na wazazi wake kwenye bustani kubwa ya maua. Ngiam alijua kwamba familia ile haijawahi kukanyaga huko. Binti wa karani alifaulu vizuri. Ngiam alifaulu kwa kuponea chupuchupu, na tangu siku hiyo, alivyoniambia, aliacha kupeleka mambo ya nyumbani mahali penye alama.

Basi alipokuwa mwalimu, na kila mwaka akapata darasani watoto wasio na piano wala safari za Japani, aliwatungia habari za kusema. Alikuwa na hadithi kumi na mbili, kila moja ya dakika moja na nusu, alizoziandika kwa mkono katika kitabu kimoja na kuwatolea nakala. Ukiulizwa kuhusu usafi, kuna hadithi. Ukiulizwa kuhusu rafiki, ipo. Ukiulizwa kama umewahi kumsaidia mtu mzima, unasema kwamba siku moja, jua likiwaka, ulimwona bibi mmoja sokoni, ghafla mfuko wake ukapasuka, machungwa yakabingirika kila upande, watu wakapita bila kugeuka, wewe ukainama ukayaokota moja moja, na bibi akakuambia, machozi yakimlengalenga, kwamba una moyo wa dhahabu.

Nakala hazina mipaka. Mzazi mmoja alimpa dada yake, dada akampa mwalimu wa masomo ya jioni, mwalimu wa jioni akaichapa upya na kuweka picha. Miaka ishirini baadaye machungwa yalikuwa yakianguka katika kila soko la kisiwa hiki. Mimi mwenyewe niliyaokota nilipokuwa na miaka kumi na miwili, upande wa mashariki kabisa, katika chumba cha masomo ya jioni juu ya duka la miwani. Sikujua aliyeyaangusha mpaka nilipofika pale shuleni.

“Kwa hiyo ni wewe,” nilimwambia.

“Ulipata ngapi?”

“Ishirini na sita.”

“Basi sema asante.”

Sikusema. Niliona, na bado naona, kwamba mtoto anayelipwa kwa kumbukumbu za mtu mwingine anafundishwa kwamba za kwake hazina thamani. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama kumfundisha mtoto kuogelea ni lazima kwanza umtose baharini.

Pang Kai Ning alikuwa mwanafunzi wa darasa la tano. Mama yake aliondoka zamani. Baba yake hupeleka chakula majumbani kwa pikipiki, na mtoto hulelewa na bibi yake, mama wa baba, ambaye lugha yake ni Kihainani tu. Kwa maandishi alikuwa akijikokota. Mwisho wa mwaka ule shule ilikuwa ikiamua nani atabaki katika Kichina cha kawaida darasa la sita na nani atashushwa kwenye Kichina chepesi. Kwa hesabu za alama zake nyingine, Kai Ning alihitaji kumi na sita katika mazungumzo. Akipata chini ya hapo, shule itapendekeza ashushwe. Mzazi ndiye mwenye neno la mwisho, na fomu ilikuwa imeshapelekwa nyumbani, irudishwe asubuhi ya siku inayofuata mtihani huo. Lakini sijaona wazazi wengi wanaobishana na pendekezo la shule. Huuliza shule imesema nini, kisha hutia alama hapo hapo.

Anayeshuka hapandi tena. Darasa la Kichina chepesi hupewa vitabu vyembamba na walimu wapya, na watoto wengine huwaita wale wa humo “wali laini”, chakula cha wagonjwa.

Tulikaa watahini wawili, mimi na Mwalimu Ngiam, katika chumba cha muziki kwa sababu ndicho chenye kiyoyozi kisichopiga kelele. Mtoto huingia, huamkia akiwa amesimama, hukaa, husoma kifungu kwa sauti, hutazama filamu ya dakika moja kwenye kompyuta, kisha tunamwuliza maswali. Hatutakiwi kutikisa kichwa sana. Hatutakiwi kusema “vizuri”. Tunasema “asante”, na kila mtu anaandika alama zake bila kuchungulia za mwenzake.

Filamu ya siku hiyo ilionyesha mzee mwenye mizigo mbele ya lifti na vijana wawili waliozama kwenye simu zao. Kwa filamu kama hiyo ungejua kitakachofuata. Mpaka chakula cha mchana watoto tisa kati ya kumi na wanne walikuwa wameshaokota machungwa. Nilikuwa nikiyahesabu kwa vijistari pembeni mwa karatasi. Mwalimu Ngiam aliiona karatasi, akaigeuza.

“Acha utoto.”

“Tisa, Mwalimu. Soko limekwisha.”

“Nimesema acha.”

Kai Ning alikuwa wa kumi na tano. Alisoma kifungu bila haraka, akijikwaa mara mbili. Alitazama filamu. Akaanza kama walivyoanza wote: katika video hii ninaona mzee anabeba mizigo mingi. Mwalimu Ngiam akamwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kumsaidia mtu mzima.

“Siku moja, jua likiwaka, nilimwona bibi mmoja sokoni,” Kai Ning akasema, macho yake juu ya ukuta nyuma yetu. “Ghafla mfuko wake ukapasuka, machungwa yakabingirika kila upande…”

Niligeuka kidogo. Midomo ya Mwalimu Ngiam ilikuwa ikifuata maneno yale bila sauti. Halafu ikasimama.

“Ngoja,” alisema. “Yalikuwa machungwa mangapi?”

Kitabu hakikusema yalikuwa mangapi. Kanuni yetu ni kusubiri sekunde kumi, kisha kumpa mtoto swali jingine jepesi zaidi. Zikapita kumi, zikapita ishirini. Nilifungua mdomo, Mwalimu Ngiam akanigusa kiwiko chini ya meza nikaufunga.

“Hakuna machungwa, Mwalimu,” Kai Ning alisema.

“Kuna nini?”

“Kuna bibi.”

“Bibi yupi?”

“Bibi yangu. Alianguka.”

Akaeleza. Ilichukua karibu dakika nne, na nusu yake ilikuwa kimya. Alianguka bafuni. Baba alikuwa kazini. Mtoto mwenyewe alijaribu kumwinua, akashindwa. Gari la wagonjwa alilitaja kwa Kiingereza, nyonga akaionyesha kwa mkono, na mambo mengine aliyasema kwa Kihainani, ambacho mimi sikijui hata neno. Alimwekea bibi mto chini ya kichwa. Alimpigia baba simu mara tano. Kisha akalala sakafuni kando yake.

“Ulilala?” Mwalimu Ngiam aliuliza. “Sakafu si ilikuwa imelowa?”

“Ilikuwa imelowa.”

“Sasa kwa nini ulilala?”

Mtoto akatafuta maneno. “Ili asiwe chini peke yake.”

“Asante,” akasema Mwalimu Ngiam. “Unaweza kwenda.”

Mlango ulipofungwa niliandika kumi na tisa kabla sijafikiri, na baada ya kufikiri nikaona ni chache. Kisha tukageuziana karatasi.

“Kumi na tatu?” nilisema. “Mwalimu, umemsikia lakini?”

“Nimemsikia kuliko wewe. Wewe umesikia nusu.”

“Huyu ndiye mtoto wa kwanza leo kutuambia kitu!”

“Ndiyo.”

“Sasa?”

Alisogeza karatasi ya vigezo katikati ya meza. Si mtu wa kupaza sauti. Aliweka ukucha juu ya mstari wa kwanza. “Ufasaha. Nionyeshe sentensi tatu mfululizo zisizokatika.” Sikuweza. “Msamiati. Taja neno moja alilolitumia la kiwango cha darasa la tano.” Nilitaja “kuanguka”. “Hilo ni la darasa la kwanza. Endelea.” Nikasema maneno mengine aliyatumia kwa Kihainani, tena yeye aliyaelewa.

“Niliyaelewa. Alisema sakafu ilikuwa baridi kama chuma, na kwamba bibi yake alikuwa akiomba radhi. Yalikuwa maneno mazuri sana. Hayahesabiwi.”

“Na nani aliyesema yasihesabiwe?”

“Si mimi wala wewe. Na mwakani katika mtihani wa taifa atakaa mbele ya watu wawili wasiojua Kihainani wala habari za bibi. Watasikia mapengo.”

“Basi tukutane katikati. Yangu kumi na tisa, yako kumi na tatu. Kumi na sita, amepita.”

“Hapa hatununui samaki, Kwek.”

Hapo nilikasirika kweli. Nilimwambia kwamba kama Kai Ning angemaliza machungwa yake kama wenzake tisa, angepata alama nzuri na kubaki alipo.

“Angepata kumi na nane,” akakubali. “Na wewe ungenuna, lakini ungesaini.”

“Kwa hiyo tunamwadhibu kwa kusema kweli.”

“Tunampimia alichokisema. Wewe unamhurumia bibi. Huo si utahini.”

“Mbona ulimwuliza? Tisa waliotangulia uliwaacha wakayaokota mpaka la mwisho. Yeye ulimkata katikati. Wewe ndiye uliyempokonya hizo kumi na nane!”

Nje, mtoto wa kumi na sita alikuwa ameshaanza kukohoa ili tujue yupo.

“Sijui,” alisema. “Nadhani nilichoka kuisikia sauti yangu.”

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye ni mkuu wa meza, ila akitumia ukuu wake atakuwa ameniburuta, na hapendi kuburuta mtu. Nisome tena vigezo, mstari kwa mstari, na kama nitaona mahali anapostahili alama tatu zaidi, atasaini pamoja nami.

Nilisoma mara mbili. Kulikuwa na mstari wa matamshi, mstari wa mpangilio, mstari wa kutoa maoni na kuyatetea. Hapakuwa na mstari wa mtoto kulala kwenye maji ili bibi yake asiwe chini peke yake. Nikafuta kumi na tisa yangu, nikaandika kumi na tatu. Mkono wangu ndio ulioandika, simsingizii mtu.

“Mlete wa kumi na sita,” alisema.

Huyo naye alikuwa na machungwa. Mwalimu Ngiam alimwacha akayaokota yote.

Jioni nilikwenda nyumbani nikimtukana kimoyomoyo kwa majina yote niliyojifunza chuo kikuu: mtumwa wa mfumo, mlinzi wa lango, na mengine marefu zaidi. Sikuyafikiria yale niliyoandika kwa mkono wangu, na kama niliyafikiria, niliyapita haraka.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa ikinyesha. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, na wa kwanza niliyemwona alikuwa Mwalimu Ngiam, amesimama chini ya paa la getini na mwavuli uliofungwa mkononi, mahali ambapo hana zamu. Nilimwamkia. Akaitikia bila kunitazama. Nikabaki nimesimama hatua chache nyuma yake, nikikung'uta maji viatuni.

Baba yake Kai Ning alikuja na pikipiki yenye sanduku la kubebea chakula, mtoto nyuma yake ndani ya koti la mvua linaloburutika. Fomu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mwalimu Ngiam alimwamkia kwa Kihainani. Mwanamume yule aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa na jirani wa zamani, akajibu maneno mawili matatu, kisha akahamia Kimandarini, nami nikaanza kuelewa.

“Samahani, Mwalimu, nina haraka. Shule imesema nini?”

“Kumi na tatu. Shule inapendekeza Kichina chepesi.”

“Basi sawa. Hata mimi Kichina kilinishinda.” Akaanza kutafuta kalamu mifukoni.

“Saini unavyotaka, ndugu yangu. Ila kwanza nikwambie. Hizo kumi na tatu nilimpa mimi. Kijana yule pale alitaka kumpa kumi na tisa.”

Baba alinitazama. Sikujua nifanye uso gani.

“Sasa wewe kwa nini umemnyima?”

“Sikumnyima. Jana alikuwa na kumi na tatu. Lakini nimefundisha miaka thelathini na sita, na watoto wanaotoa kitu tumboni mwao mbele ya meza ile hawajazi vidole vya mkono mmoja. Anakosa maneno tu. Maneno nitampa mimi. Jumanne na Ijumaa, baada ya masomo, mpaka mtihani. Sitaki kitu.”

“Utampa kile kitabu chako? Anacho. Anakikariri usiku kucha, mpaka bibi yake anakijua.”

“Kitabu akiache nyumbani. Aje yeye. Atanieleza mambo ya kwao, akikwama nitamwambia Kimandarini wanasemaje.”

Mwanamume akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kuuziwa vitu getini. “Mwalimu, watu wanasema darasa la kawaida ni kulia kila siku. Huko kwenye chepesi atapumzika. Mimi sipo nyumbani, bibi ndiye huyo anatembea kwa fimbo.”

“Atalia, ndiyo. Sikudanganyi.”

Simu yake ililia, oda ya kwanza ya siku, akaizima kwa kidole gumba. Akamgeukia mtoto.

“Ning, wewe unasemaje? Upumzike au ulie?”

Kai Ning alikuwa amevua kofia ya pikipiki na kuikumbatia kifuani. Alimtazama baba yake, akamtazama Mwalimu Ngiam kwa muda mrefu zaidi, na kwa jinsi alivyomtazama sikuona kama amemsamehe.

“Sitaki wali laini,” alisema.

Baba alilaza fomu juu ya sanduku la chakula, akaikinga mvua kwa mgongo wake. Kalamu ilikataa mara ya kwanza kwa sababu ya unyevu, akaipumulia, akatia alama kwenye kisanduku cha juu, Kichina cha kawaida, akasaini. Mwalimu Ngiam hakusema asante wala vizuri. Baba aliwasha pikipiki. Kai Ning akaichukua fomu, akaiingiza ndani ya shati ili isilowe, akatupita sisi wote wawili bila kuaga, akakimbia kuelekea ofisini.